Mikato Mitatu na Nukta

Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Hapa Solingen, mji wetu wa mafundi wa visu Ujerumani, hiyo si habari. Naandika kwa sababu daktari anasema mkono wangu wa kulia unahitaji kazi ndogondogo, nami kazi ndogo ninayoiweza kuliko zote ni kueleza mambo ambayo hakuna aliyeniuliza.

Leo ni sikukuu ya taifa, maduka yamefungwa. Alasiri nilikwenda kwa Willi Schmachtenberg kunywa kahawa, kama kila Alhamisi tangu nirudi kutoka kifungo cha vita. Miaka arobaini na tisa. Alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa marehemu baba yangu, na hadi leo wakusanyaji wa silaha za kale humletea majambia yao yaliyolegea mpini. Nilipotaka kupitia karakana yake kama kawaida, nikakuta kufuli mlangoni. Akasema amepaka sakafu rangi.

Sikusikia harufu ya rangi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Bi. Roswitha Pohligs, mwenye nyumba ya mnada, ameniletea jambia la afisa wa jeshi la majini la Kaiser, mfalme wetu wa mwisho. Amelinunua Uingereza. Mnada wake ni tarehe 14 Desemba na bila cheti changu jambia haliingii kwenye orodha.

Kwa atakayesoma haya baada yangu, nieleze kidogo. Jambia la namna hii halikuwa la kupigania. Afisa alilining'iniza kiunoni siku za gwaride na za kupigwa picha. Lina mpini wa pembe ya ndovu uliozungushiwa waya, taji la shaba juu yake, na ubapa mwembamba wenye nakshi za nanga na merikebu zilizochomwa kwa tindikali. Siku hizi watu hulitolea maelfu ya Mark, na penye maelfu hapakosi mwongo. Kazi yangu ni kumtafuta huyo mwongo.

Naanza nje. Ala ina pete mbili za kushikia mkanda. Afisa akilivaa miaka kumi, dhahabu ya pete hizo hulika upande mmoja. Kisha nautazama ubapa, kwa maana kila uchomolewapo na kurudishwa, mdomo wa ala huuchora mstari mwembamba kama unywele. Mwisho naligeuza taji hadi linafunguka, navuta mpini, naangalia mkia wa ubapa uliojificha ndani yake. Hapo mnunuzi hatazami, na kwa hiyo mwongo hajisumbui.

Leo nilipovuta mpini nilikuta mikato mitatu ya tupa na nukta moja.

Hiyo ni alama ya baba yangu, August Rautenbusch. Katika mji huu jambia moja lilipita mikononi mwa watu wengi. Mmoja alifua, wa pili alinoa, wa tatu alichora kwa tindikali, na wa mwisho, ambaye tunamwita mfungaji, alivikusanya vipande vyote na kuvilinganisha kwa tupa hadi vikakaa bila kucheza. Kisha vikatenganishwa tena, shaba ikaenda kupakwa dhahabu. Ili visichanganyike na vya wengine huko, mfungaji aliviwekea alama. Baba alikuwa mfungaji tangu enzi ya Kaiser, na sijaona kazi yake iliyopinda. Mwaka 1977 nilikiandikia chama chetu cha wakusanyaji kijitabu, nikaichora alama hiyo na chini yake nikaandika: "Ukiiona hii, tulia." Nimeshatoa vyeti kumi na tisa kwa nguvu ya alama hiyo peke yake.

Ila pete za ala hii hazijalika. Labda afisa wake alikuwa mtu wa kukaa ofisini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilimsimulia Willi kuhusu jambia. Kikombe chake kilisimama katikati ya safari. Akaniuliza limetoka wapi, nikamjibu. Akauliza kama nimeshaandika cheti. Nikasema bado. Akaanza kuzungumzia mifereji ya paa lake.

Namjua Willi. Mtu huyu hajawahi kuona jambia bila kutaka kulishika. Leo hata hakuuliza kama taji lake limefunguka vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Dada yangu Hedwig ameunguza supu ya dengu, jambo ambalo halijatokea tangu aje kuishi nami alipofiwa na mumewe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jambia la pili. Bi. Pohligs amelipata Uholanzi, kwa mfanyabiashara wa sokoni ambaye hakujua ni kitu gani.

Mikato mitatu na nukta. Pete hazijalika. Ubapa una mistari miwili mitatu tu, kama kisu cha bi harusi kilichofungiwa kabatini. Ubapa ulioishi ndani ya ala yake hufanana nayo kama mke na mume wazee. Hivi viwili havijafahamiana.

Lipo jingine. Kati ya bega la ubapa na kingio cha mkono, mfungaji huweka kipande cha ngozi nyembamba, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, ili chuma kisilie juu ya chuma. Hapa hapakuwa na ngozi. Palikuwa na kitambaa cha sufu, rangi ya kaki, kimelowa mafuta hadi kimekuwa kama lami. Nikalifungua lile la kwanza tena. Sufu ile ile.

Baba asingeweka sufu. Angeliona hilo kama kuja mezani na soksi bila viatu.

Kwa hiyo kuna mtu anayetengeneza majambia na kuyatia alama ya baba yangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikulala vizuri. Hedwig aliniuliza mara mbili nina nini, na mara zote mbili nikasema ni mkono.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kwa Willi. Tulikula keki bapa za moto na cheri, hatukusema la maana. Kufuli bado lipo. Rangi gani hiyo inayochukua wiki tatu kukauka?

Niliporudi nyumbani Hedwig alikuwa kwenye simu. Alisema, "Amefika," kisha akaikata. Nikamuuliza ni nani. Akasema ni mwanamke wa kanisani, kuhusu maua.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua kubwa. Mto Wupper umepanda hadi kwenye mawe ya nyumba za wanoaji za zamani.

Jumamosi, 2 Novemba

La tatu limekuja, tena kutoka Uingereza. Sihitaji kueleza. Mikato, nukta, sufu.

Nimeyapanga yote matatu mezani chini ya taa. Pembe ya ndovu ni ya kweli na ni kuukuu. Ubapa ni wa zamani, nakshi ni za zamani. Mwongo huyu hakutengeneza vipande. Amevipata mahali, amevifunga, na amevifunga kwa ustadi unaonitia hasira.

Sasa niandike ninalolifikiria. Katika kijitabu changu niliichora alama ya baba mikato yote mitatu ikiwa wima, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Ile ya kweli, mkato wa tatu huinama kidogo kuliani, kwa kuwa baba alikatwa ncha ya dole gumba la kushoto na hakuweza kukibana chuma sawasawa. Anayenakili kijitabu ataiandika wima. Majambia haya matatu yana mkato ulioinama.

Waliobaki hai wanaoujua mkato huo ni watu watatu: mimi, Hedwig na Willi. Mimi sijatengeneza kitu. Hedwig hawezi hata kufunga skrubu ya kitasa.

Kanuni ya chama chetu haina huruma. Mwanachama akithibitika kughushi hufutwa, na jina lake hupelekwa kwa kila nyumba ya mnada kuanzia Hamburg hadi Vienna. Willi ana miaka sitini na sita na anaishi kwa mikono yake. Akifutwa, hakuna atakayempelekea hata kisu cha mkate. Mkutano wa mwaka ni tarehe 7 Desemba. Bi. Pohligs anataka jibu langu kabla ya hapo.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilimtega. Nilisema kwa sauti ya mazungumzo kwamba zamani wafungaji wengine walitumia sufu badala ya ngozi. Willi alinitazama.

"Nani kakwambia hivyo, Mwalimu?"

Jina langu Ewald halitumii; huniita Mwalimu, kwa sababu nilifundisha ufundi wa chuma shuleni miaka thelathini na mbili wakati yeye akiufanya.

"Nimesoma mahali," nikasema.

"Wewe na kusoma kwako," akasema, akanimiminia kahawa hadi ikafurika kwenye kisahani. Willi hajawahi kumwaga hata tone.

Jumatatu, 11 Novemba

Hedwig ametoka na mfuko mzito, amerudi bila mfuko. Nilimwona dirishani akipanda basi la umeme linalopita kwa Willi. Alisema alikwenda kwa mshona viatu.

Nimeishi na dada yangu miaka minane. Nilidhani ninajua hata idadi ya vifungo vya koti lake.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nimeona.

Tulikuwa jikoni kwa Willi tukila mkate mweusi wa soseji na vitunguu. Simu ikalia sebuleni, akaenda. Ufunguo wa karakana ulikuwa unaning'inia kwenye msumari karibu na jiko. Sijawahi kuingia mahali pa mtu bila idhini yake tangu nilipokuwa mtoto wa kuiba tufaha. Niliuchukua.

Sakafu haijapakwa rangi. Ni ile ile yenye madoa ya mafuta. Jiliwa lilikuwa pale, tupa zimepangwa kwa ukubwa kama baba alivyofundisha. Nikavuta mtoto wa meza wa juu, nikakuta nyaraka. Nikavuta wa chini. Majambia mawili, yamefunikwa kwa kitambaa. Moja lilikuwa limeshafunguliwa, mpini umelazwa kando. Sikuhitaji taa. Mikato mitatu, wa tatu umeinama.

Nilifunga, nikarudisha ufunguo, nikaketi. Willi aliporudi alisema ni mpwa wake, anauliza kuhusu Krismasi. Nikala kilichobaki cha mkate wangu. Nilimuaga kwa kumpa mkono kama kawaida, na alinikumbusha nichukue mwavuli.

Jambo linaloniumiza zaidi si majambia. Ni kwamba aliutumia mkono wa baba.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua. Sikula na Hedwig. Nilisema tumbo.

Jumanne, 19 Novemba

Hedwig aliniuliza kama Willi yuko salama. Nikamjibu, "Wewe ndiye unayepaswa kujua." Akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemwandikia mwenyekiti wa chama, Bwana Evertsbusch. Kurasa mbili. Nimeeleza majambia matatu, alama, sufu, na nilichokiona kwenye karakana. Nimetaja jina. Nimesaini. Nimeitia barua kwenye sanduku la posta saa nne asubuhi na nikasimama pale kama mtu anayengoja lijibu.

Jumatatu, 25 Novemba

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma kesho.

Saa tano asubuhi Bwana Evertsbusch alipiga simu kuthibitisha kama barua ni yangu kweli. Nilikuwa bafuni. Hedwig alipokea. Mwenyekiti ni mtu mwema lakini kinywa chake hakina mlango, akamweleza. Nilipotoka nilimkuta dada yangu ameketi kwenye kiti cha ukumbini, simu mapajani, na mlio wake bado unasikika.

"Umemwandika Willi," akasema.

Nikasema nimeandika nilichokiona.

"Ulimuuliza?"

Nikaanza kumweleza kuhusu ushahidi, namna mtu anavyopaswa kuufikia bila kumshtua mtuhumiwa. Nilieleza vizuri, nadhani. Aliningoja nimalize kama mtu anavyongoja treni la mizigo lipite.

"Kaka," akasema, "hebu niambie wewe uliyesoma. Mtu wa leo akitaka kughushi, ngozi atakosa?"

Nikasema hapana, ngozi kuukuu inapatikana popote.

"Ni mwaka gani katika mji huu mtu alikosa hata ngozi ya ukubwa wa ukucha?"

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu, na hesabu ilinifikisha mahali nisipopataka. Mwaka wa arobaini na sita nilikuwa mateka, nachimba makaa ya mawe Ubelgiji. Ila nimesimuliwa. Watu walichemsha mikanda. Ngozi yote iliyosalia ilikuwa chini ya nyayo za watu.

Akanisimulia. Nami nayaandika kama alivyoyasema, bila kupunguza.

Juu ya dari ya karakana ya baba kulikuwa na kasha lililobaki tangu Kaiser alipokimbia mwaka 1918: bapa zenye mikia yake, mipini ya pembe, mataji, ala. Hakuna aliyelitaka kwa miaka ishirini na saba. Vita vilipokwisha, Waingereza walikuja, wakapiga marufuku kutengeneza silaha yoyote, na wakati huo huo kila askari wao alitaka jambia la kupeleka kwao. Mama alikuwa akikohoa. Chakula cha mgao wa kadi hakikutosha hata panya. Baba alilishusha kasha.

Willi alikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi. Yeye alishika, baba alifunga. Ngozi haikuwapo, wakakata pindo la blanketi la jeshi ambalo Mwingereza mmoja alilibadilisha kwa mkasi. Dhahabu haikuwapo, wakasugua ile ya zamani kwa chaki. Hedwig alikuwa na miaka kumi na miwili. Zamani wanawake wa mji huu walibeba visu kichwani kwa vikapu, kutoka kwa wanoaji hadi viwandani, na hakuna aliyewashangaa. Baba alimtwika kikapu, viazi juu, majambia chini, akamtuma kwenye kambi ya Waingereza. Wangemkamata, baba angefungwa.

"Nao walitaka hadithi," Hedwig akasema. "Jambia tupu walilitolea kopo moja la nyama. Jambia la nahodha aliyezama na meli yake, makopo matatu na unga mweupe. Nikawapa manahodha. Kaka, niliwazamisha watu wengi sana mwaka ule."

Alitaka kucheka, ikawa kitu kingine.

Nilimuuliza ni mangapi. Akasema kasha lote, kiasi cha arobaini.

Nilimuuliza kwa nini sikuambiwa. Nilirudi mwaka wa arobaini na saba, nikakuta unga mweupe nyumbani, nikaambiwa baba anatengeneza mikasi.

"Ulirudi una kilo arobaini na nane na unahubiri," akasema. "Kila kitu kilikuwa kimepinda, ulisema, isipokuwa kazi ya baba. Ulisema hivyo mezani, mbele yake. Baba akatuita mimi na Willi nyuma ya nyumba. Akasema, 'Mwacheni awe na kitu kimoja kilichonyooka.' Tukaapa."

Kisha nikaandika kijitabu. Kisha nikaanza kutoa vyeti. Tangu hapo, kila jambia la kasha lile lililotokeza mahali na Willi akalisikia mapema, alilinunua kwa fedha yake na kulificha ili lisifike mezani pangu. Mengi yalimpita. Yale matatu ya Bi. Pohligs yalimpita. Mfuko ule mzito wa Hedwig ulikuwa na akiba yake mwenyewe na vyombo vya fedha vya marehemu mumewe; walitaka kumshawishi Bi. Pohligs awauzie wao majambia yote matatu kabla sijamaliza. Aliwakatalia.

Ujinga wangu nauona wazi sasa, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, wacha niueleze. Alama ya mfungaji husema nani alifunga. Haisemi lini, wala kwa ajili ya nani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua hilo. Mimi niliisoma kama hati ya kiapo kwa sababu mkono ulikuwa wa baba. Na nilipoona sufu, badala ya kuuliza ni wakati gani fundi mzuri hulazimika kufanya kazi mbaya, niliuliza ni rafiki yangu yupi ni mwizi.

Jumanne, 26 Novemba

Nilimpigia Evertsbusch. Barua imeshasomwa na kamati nzima. Haiwezi kurudishwa, inaweza kujibiwa tu, mkutanoni.

Niliwaza pia njia nyingine, na sitaificha. Ningeweza kusema nilikosea kuhusu Willi na kunyamaza kuhusu baba. Majambia matatu yangepita na vyeti vyangu kumi na tisa vingebaki. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa watu wawili ambao wameshathibitisha kwamba wanaweza kunyamaza miaka hamsini.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilikwenda kwa Willi. Taa ilikuwa inawaka. Hakufungua. Nilisimama kwenye mvua dakika kumi, kisha nikarudi.

Jumapili, 1 Desemba

Hedwig amewasha mshumaa wa kwanza wa majilio. Tumeketi pamoja. Nilimwomba anitajie manahodha wake. Anawakumbuka kumi na mmoja kwa majina.

Jumamosi, 7 Desemba

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa nyuma wa mkahawa, watu thelathini na wanne. Willi alikuja. Aliketi safu ya mwisho karibu na mlango, amevaa suti ya mazishi. Watu walikuwa wameacha viti viwili vitupu kila upande wake.

Nilisimama na karatasi, kisha nikaona siihitaji. Nikawaambia kwamba majambia matatu ya Bi. Pohligs yalifungwa mwaka 1946 na baba yangu, August Rautenbusch, kutokana na vipande vya kweli, kwa ajili ya kuwauzia askari wa Kiingereza, na kwamba hakuna afisa yeyote aliyeyavaa. Nikawaambia yako mengine kama hayo, na kwamba kumi na tisa kati yake huenda yana cheti chenye saini yangu. Nikawaambia Willi Schmachtenberg hakughushi chochote, na aliyekuwa na kosa la kumtaja ni mimi. Nikawaomba waukate ukurasa wa kumi na nne wa kijitabu changu, ule wenye alama ya baba. Kisha nikasema sitatathmini tena.

Mtu mmoja wa mbele, daktari wa meno kutoka Hagen, aliuliza jambia alilonunua kwa cheti changu mwaka 1989 sasa ni kitu gani. Nikamwambia ni kazi ya fundi mzuri aliyekuwa na njaa, na kwamba kama anataka kumrudishia aliyemuuzia, nitamwandikia barua. Akasema atafikiri. Bi. Pohligs hakunitazama tena; alikuwa anaandika kitu kwenye orodha yake.

Mwenyekiti akasema jina la Willi limesafishwa, iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu. Watu wakapiga meza kwa vifundo vya vidole, kama ilivyo desturi. Willi alinyanyuka. Nilimfuata hadi kwenye ngazi.

"Umelisafisha jina langu mbele ya watu, nimesikia," akasema, akivaa kofia. "Ahsante. Na barua ile ya kwanza uliiandika nyuma yangu, siku ya nane baada ya kula mkate wangu."

Nikasema niliona majambia kwenye meza yake.

"Uliona, ndiyo. Miaka arobaini na tisa, Mwalimu. Ungeniuliza swali moja tu. Mimi ningekuapia uongo, kwa ajili ya mzee. Lakini ungekuwa umeniuliza."

Akaenda.

Jumatatu, 9 Desemba

Barua kumi na tisa, moja kwa kila mwenye cheti changu. Nimeandika saba. Mkono unauma, daktari atafurahi.

Jumatano, 11 Desemba

Barua zote zimekwenda. Mvua imegeuka theluji yenye maji, ambayo ni mvua iliyokosa msimamo.

Alhamisi, 12 Desemba

Saa tisa alasiri nilivaa koti. Hedwig akaniuliza naenda wapi, na alijua. Akasema, "Akikufungulia, usieleze kitu, kaka. Nakuomba."

Niligonga. Nikagonga tena. Nikasikia viatu vyake vikija ukumbini na kusimama upande wa pili. Mlango ukafunguka upana wa uso.

Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na mengine yalikuwa mazuri. Nikayaacha. Nikamuuliza kile nilichopaswa kumuuliza mwezi Oktoba, kwa sauti ile ile ambayo ningeitumia wakati huo, kana kwamba sijui.

"Willi, hayo majambia ni wewe uliyeyatengeneza?"

Theluji ilikuwa inaniingia shingoni.

"Hapana, Ewald," akasema. "Si mimi."

"Nakuamini," nikasema.

Akaufungua mlango wote.